Shokapu Inayogonga Njia ya Ras Mkumbi

Anayeshuka bandarini Kilindoni akitaka kufika Ras Mkumbi ana safari ya karibu kilomita 50 mbele yake. Kuelekea Utende kuna lami. Kuelekea kaskazini, kwa miaka mingi, njia imekuwa ya udongo, mchanga na changarawe ya matumbawe. Inapita Baleni, Kirongwe, Jimbo na Kanga katikati ya minazi, inafika Bweni, kisha inakwisha kwenye mnara wa taa uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892 kwenye ncha ya kisiwa cha Mafia, mahali ambapo upepo hauna kitu cha kuuzuia.

Wengi huifanya safari hiyo kwa bodaboda. Mbele amekaa dereva, nyuma abiria na furushi lake, na mara nyingine boksi la barafu lenye pweza au gunia la nazi limefungwa kwa mpira kwenye keria. Pikipiki ikiingia shimoni husikika chuma kikikutana na chuma, ko, na mikono ya dereva hupokea pigo lote hadi mabegani. Jioni, gerejini, mazungumzo huwa mafupi.

"Fundi, shokapu ya mbele inagonga."

"Imelegea hiyo. Tukuwekee oili nzito, itakaza."

Oili nzito inatiwa, pikipiki inabonyezwa mara mbili tatu pale pale uwanjani, inaonekana imekaza kweli, dereva analipa na kuondoka. Kesho yake njia ya Kanga inamwonyesha kwamba mikono bado inauma, pengine kuliko jana. Fundi hakumdanganya, wala oili haikuwa mbovu. Kilichokosewa ni mahali pa kuanzia. Ndani ya shokapu, kinachobeba uzito ni springi. Oili haibebi kitu, kazi yake ni kuituliza springi isirukeruke. Anayetaka pikipiki imfae hana budi kuanza na kilo zake mwenyewe, aende kwenye springi, ndipo afike kwenye oili.

Shokapu za mbele za pikipiki nyingi za biashara Afrika Mashariki, iwe Boxer, TVS au zile za Kichina zilizotangulia, zimeundwa kwa namna moja. Kuna mabomba mawili yanayong'aa, yameshikwa juu na usukani. Kila bomba linazama ndani ya mguu wa aluminiamu ulioshikilia ekseli ya tairi. Ndani ya bomba mna springi ndefu nyembamba, chini yake mna fimbo yenye matundu, na vyote vimeloweshwa kwa oili. Tairi likipanda jiwe, mguu unapanda, springi inabanwa, na oili inalazimika kupenya kwenye matundu ya fimbo. Tairi likishuka, oili inarudi kupitia tundu jingine dogo zaidi, ili springi isimrushe dereva juu kama mpira. BMW ndiyo iliyotangulia kuuza pikipiki ya kiwandani yenye shokapu za mbele za bomba zinazotulizwa kwa oili, katika modeli ya R12 ya mwaka 1935, na bodaboda ya leo bado inatembea na wazo lilelile.

Ugumu wa springi hiyo huamuliwa kiwandani, na kiwanda hakimjui mnunuzi. Wahandisi huchagua mtu wa kadiri, mzigo wa kadiri na barabara ya kadiri, kisha springi hiyohiyo inawekwa kwenye pikipiki zote za modeli ile. Kijana wa kilo 50 na baba wa kilo 95 wanapewa kitu kimoja. Kwenye shokapu za nyuma angalau kuna ngazi za kurekebisha, ile pete inayozungushwa kwa spana ya ndoano. Mbele, kwa pikipiki za bei hii, hakuna hata moja.

Kanuni ya springi imejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alichapisha ugunduzi wake kwamba springi hubonyea kwa kadiri ya uzito inaotwishwa: ongeza uzito mara mbili, itabonyea mara mbili. Kwa hiyo ugumu wa springi unaweza kutajwa kwa namba moja tu, yaani inahitaji kilo ngapi ili ibonyee sentimita 1.

Tuchukue pikipiki ya cc 150 yenye uzito wa kilo 120 na shokapu za mbele zinazoweza kubonyea sentimita 12.5. Tuseme kila springi inahitaji kilo 6 kubonyea sentimita 1, basi mbili kwa pamoja zinahitaji 12. Nusu ya uzito wa pikipiki, kilo 60, iko mbele. Toa kama kilo 15 za tairi, ringi, breki na miguu ya shokapu, ambazo springi haizibebi, zinabaki 45. Dereva wa kilo 65 akikaa, zaidi kidogo ya theluthi ya uzito wake, kilo 25 hivi, inakwenda mbele. Jumla ni 70. Lakini fundi alipofunga kifuniko cha juu alikwisha kuibana springi sentimita 2, hivyo kilo 24 za kwanza hazitikisi kitu. Zinabaki 46, na 46 kwa 12 ni sentimita 3.8. Hapo pikipiki imekaa vizuri: imetumia karibu asilimia 30 ya mwendo wake, na mafundi wa shokapu duniani hulenga kati ya robo na theluthi.

Sasa apande dereva wa kilo 95. Uzito wa mbele unafika kilo 81, na shokapu inabonyea karibu sentimita 4.8. Tofauti ni sentimita 1 tu, na asiyepima hataiona. Ubaya wake huonekana kwenye breki.

Watu hudhani abiria ndiye anayeiua shokapu ya mbele. Akikaa kwa utulivu, sehemu kubwa ya uzito wake huangukia tairi la nyuma, na mbele huongezeka pengine kilo 7. Mbuzi akikatiza njiani, hesabu inageuka. Pikipiki yenye dereva wa kilo 95 na abiria wa kilo 70 ni jumla ya kilo 285. Breki ya nguvu ya kawaida, inayotumia nusu tu ya kile ambacho barabara kavu nzuri ingeruhusu au zaidi kidogo, huhamisha kama kilo 71 kutoka tairi la nyuma kwenda la mbele kwa muda wa kufumba na kufumbua. Springi za kilo 12 zinabonyea sentimita 6 nyingine. Ukijumlisha vyote unafika sentimita 11.3 kati ya 12.5. Imebaki sentimita 1.2 ya kupokea shimo lolote litakalokuwa mbele, na njiani kuelekea Bweni mashimo yenye kina cha sentimita 1.2 hayahesabiwi hata kuwa mashimo. Dereva wa kilo 65, kwa pikipiki ileile na abiria yuleyule, angebakiwa na karibu sentimita 3.

Hapo ndipo inapotoka ile sauti. Shokapu ni nzima kabisa. Imeishiwa nafasi tu.

Springi ikipanda kutoka kilo 12 hadi 14 kwa sentimita, yule wa kilo 95 anarudi kwenye sentimita 3.8 akiwa amekaa, na akifunga breki na abiria wake anabakiwa na sentimita 3. Badiliko la moja ya sita limemweka mahali ambapo kiwanda kilimweka mtu wa kilo 65. Hewa iliyofungiwa ndani ya bomba nayo itasaidia, na zamu yake inakuja.

Je, springi hiyo inapatikana wapi? Huko Ulaya na Marekani kuna maduka yanayouza springi za shokapu kwa namba, mteja anataja uzito wake na anapewa jozi yake. Kwa pikipiki za bodaboda maduka ya spea hayafanyi hivyo. Yanauza springi ya modeli, na kwa Mafia hata hiyo mara nyingi huagizwa Dar es Salaam, ishuke hadi bandari ya Nyamisati na kuvuka bahari. Fundi anabaki na njia mbili, na zote ni halali akizijua.

Ya kwanza ni kutafuta springi ya pikipiki nyingine yenye kipenyo kilekile lakini waya mnene zaidi. Hapa macho hayatoshi, ni lazima kalipa itumike, kwa sababu ugumu wa springi hupanda kwa unene wa waya uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Waya wa milimita 4 ukiwa milimita 4.4, springi inakuwa ngumu kwa asilimia 46. Ile moja ya sita tuliyokuwa tukiitafuta inapatikana kwa nyongeza ya milimita 0.16 tu, karibu na unene wa karatasi mbili za daftari. Ndiyo maana springi mbili zinazofanana kabisa mezani zinaweza kuwa tofauti kabisa barabarani.

Ya pili ni kukata. Wengi wanaposikia kukata springi wanadhani inalegezwa. Ukweli ni kinyume. Waya mrefu hunyumbuka kirahisi, mfupi hukaidi. Springi yenye duru 35 zinazofanya kazi ikikatwa duru 5, zinabaki 30, na ugumu unapanda kutoka 12 hadi 14 sawasawa. Urefu uliokatwa hurudishwa kwa kipande cha bomba la chuma au la plastiki gumu, na washa katikati ili springi isikwaruze. Duru zilizobanana upande mmoja, ambazo zinagusana hata kabla ya kubeba kitu, hazihesabiwi, maana hazifanyi kazi.

Kuna masharti. Springi ikatwe kwa diski ya kukatia, isikatwe kwa moto wa gesi, kwa kuwa joto kali huondoa ugumu wa chuma na mwisho huo utabonyea siku zote. Ncha isagwe iwe bapa. Kisha pengo kati ya duru na duru lipimwe: kwa mfano wetu springi itabanwa sentimita 14.5 kwa jumla, yaani mwendo wote pamoja na ule mkazo wa kifuniko, hivyo mapengo 30 yasipungue milimita 5 kila moja. Yakipungua, duru zitagusana kabla shokapu haijafika mwisho, na pigo lake ni baya kuliko lile la mwanzo. Jambo la mwisho ni kwamba springi zote mbili zikatwe sawa, duru kwa duru.

Anayetaka kuhakikisha kazi yake ana mizani ya bure. Dumu la lita 20 likijaa maji, pamoja na plastiki yake, lina kama kilo 21. Springi isimamishwe ndani ya bomba lenye upana wa kuitosha tu ili isipinde, juu yake kiti cha mbao kinachotokeza nje ya bomba, juu ya mbao dumu, na vijana wawili wa kulishikilia lisianguke. Ikibonyea milimita 35, springi hiyo ni ya kilo 6 kwa sentimita. Ikibonyea milimita 30, ni ya 7, na jozi yake itakuwa ya 14. Jaribio hilo huchukua dakika tano na linafaa kuliko kubonyeza pikipiki kwa mikono, kwani mikono hupima oili na msuguano wa sili kabla ya kuifikia springi.

Kuna njia ya tatu inayopendwa, nayo ni kuweka washa au sarafu chini ya kifuniko ili springi ibanwe zaidi. Pikipiki huinuka mbele, na dereva huridhika kwa kuwa imekaa juu. Lakini springi ya kilo 12 imebaki ya kilo 12. Kilichobadilika ni mahali pa kuanzia tu. Njia hii inafaa kwa marekebisho madogo, sentimita 1 kupanda au kushuka. Ikizidi, shokapu hukaa imenyooka hadi mwisho, tairi hukosa nafasi ya kushuka ndani ya shimo, na usukani huanza kurukaruka kwenye mchanga.

Springi ikishakaa sawa, ndipo oili inapata maana.

Tundu la ile fimbo halibadiliki ukubwa, kwa hiyo namna pekee ya kubadilisha utulivu wa shokapu za aina hii ni uzito wa oili. Lakini tundu lina tabia moja ambayo kila dereva wa njia mbovu anaihisi bila kuijua kwa jina: mwendo wa oili ukiongezeka mara mbili, ukinzani unaongezeka karibu mara nne. Kubonyeza pikipiki uwanjani ni mwendo wa polepole, na pale oili nzito huonekana kama baraka. Tairi linapokutana na jiwe la matumbawe kwa kilomita 40 kwa saa, mguu wa shokapu hupaa ghafla, oili haiwezi kupita kwa haraka inayotakiwa, na kwa sekunde hiyo shokapu inakuwa kama nondo. Pigo linapita moja kwa moja hadi kwenye viganja. Dereva anasema inagonga, fundi anaongeza uzito wa oili, na pigo linazidi.

Kuna mahali pabaya zaidi kwa oili nzito, napo ni kwenye yale mawimbi madogo ya barabara yanayofanana na bati. Tuseme yako umbali wa sentimita 70. Kwa kilomita 40 kwa saa, tairi hugonga mawimbi kama 16 kila sekunde. Shokapu yenye oili nzito inabonyea wimbi la kwanza, inaanza kurudi polepole, wimbi la pili linaikuta haijafika juu, la tatu linaikuta chini zaidi. Baada ya mita chache imejibana chini, imebaki na mwendo mdogo, na mbele ya pikipiki inatetemeka kana kwamba haina shokapu kabisa. Dereva hupunguza mwendo na kulaani barabara, ilhali barabara ni nusu tu ya kisa.

Nzito ni nzito kiasi gani? Chupa za oili ya shokapu huandikwa 5W, 10W, 15W au 20W, na viwanda vingi vya pikipiki ndogo hupendekeza kiasi cha 10W. Tatizo ni kwamba namba hizo si kipimo kimoja kwa wote: 10W ya mtengenezaji mmoja inaweza kukaribia 5W ya mwingine au 15W ya wa tatu. Kipimo cha kuaminika ni unene wa oili ikiwa kwenye nyuzi joto 40, unaotajwa kwa sentistoki. Oili ya shokapu ya 10W kwa kawaida huwa karibu 32. Oili ya injini ya SAE 40, inayotiwa kwenye shokapu nyingi kwa kuwa ndiyo iliyopo, ina karibu 140. Ni nzito mara nne au tano kuliko kilichokusudiwa. Tena kipimo hicho cha nyuzi 40 hakiko mbali na hali halisi ya Mafia mchana wa Januari, pikipiki ikiwa imetembea saa nzima juani.

Asiye na duka la oili ya shokapu karibu ana mbadala wa heshima. Oili ya haidroliki, ile inayotumika kwenye matrekta, makatapila na majeki, huuzwa kwa madaraja ya kimataifa ambayo namba yake ndiyo unene wenyewe: VG 32 ni sentistoki 32 kwa nyuzi 40, VG 46 ni 46. Oili ya gia za otomatiki za magari nayo huangukia karibu na 35, na mafundi wa pikipiki duniani wameitumia kwa miongo mingi bila kujuta. Dereva mwepesi anaanza na 32. Mwenye springi ngumu zaidi anahitaji oili nzito kidogo ili iweze kuituliza, pengine 46, kwa sababu springi ngumu hurudi kwa nguvu zaidi. Huo ndio uhusiano wa kweli kati ya uzito wa dereva na uzito wa oili, nao unapitia kwenye springi. Kitu kimoja kisitiwe kamwe, nacho ni oili ya breki. Mpira wa sili za shokapu haukutengenezwa kwa ajili yake. Utavimba na kuoza.

Sasa ile hewa. Juu ya oili, ndani ya bomba, hubaki nafasi ya hewa isiyo na pa kutokea, na hewa ikibanwa ni springi pia. Mwaka 1662, miaka 16 kabla ya kanuni ya springi kuchapishwa, Robert Boyle alichapisha kwamba hewa ikibanwa hadi nusu ya nafasi yake presha yake huongezeka mara mbili. Pampu ya hewa aliyoitumia Boyle kwa majaribio yake mengine ya hewa ilitengenezwa na msaidizi wake kijana, naye ni Robert Hooke yuleyule. Kanuni za mabwana wawili waliofanya kazi pamoja karne ya 17 zinapanda na kushuka pamoja ndani ya bomba moja la bodaboda.

Faida yake ni kubwa kwa anayebeba mizigo. Shokapu ikiwa imenyooka na hewa ina kimo cha milimita 150 juu ya oili, ikibonyea milimita 100 hewa inabaki na 50, na presha imepanda mara tatu. Ongeza oili hadi kimo cha hewa kiwe 120: mwendo uleule unaibakizia 20, na presha imepanda mara sita. Mwanzoni mwa safari tofauti haihisiwi, shokapu ni laini vilevile. Mwishoni, pale chuma kinapotaka kukutana na chuma, hewa inakuwa mto. Kwa dereva ambaye springi zake zinakaribia kumfaa na tatizo lake ni kugonga chini mara moja moja, kuongeza oili milimita 10 kwa kila mguu ni dawa ya bei nafuu kuliko zote. Milimita 10, kisha ajaribu, kisha 10 nyingine. Ikijazwa kupita kiasi presha hutafuta njia, na njia yake ni sili. Ile alama ya oili inayoteremka kwenye mguu wa shokapu mpya mara nyingi imeanza hivyo.

Kupima oili kwa chupa hakutoshi, kwa kuwa oili ya zamani haitoki yote. Njia ya uhakika ni kutoa springi, kuibonyeza shokapu hadi mwisho ikiwa imesimama wima, kuipampu taratibu mara kadhaa ili hewa iliyonaswa kwenye matundu itoke, kisha kuteremsha kijiti kutoka mdomo wa bomba hadi usoni pa oili. Namba ya kuanzia iko kwenye kitabu cha huduma cha kila modeli. Miguu yote miwili iwe sawa kwa milimita.

Hayo yote yana adui mmoja kwa watu wa visiwani. Chumvi ya bahari hukaa juu ya bomba linalong'aa, inakula kromu, na kijitundu kidogo cha kutu kinageuka kisu kinachopita juu ya sili mara elfu kwa siku. Sili inachanika, oili inatoka, maji na mchanga wa matumbawe vinaingia, na oili iliyobaki inakuwa ya kijivu kama uji wa ulezi. Hapo hakuna hesabu ya springi inayosimama. Kitambaa laini chenye oili kidogo kila jioni kinatosha, pamoja na zile soksi za mpira za kufunika bomba ambazo madereva wengine huzivua kwa kuwa haziwapendezi. Zirudishwe. Na sili inayovuja si lazima iwe imekufa; mara nyingi ni punje ya mchanga iliyonasa mdomoni, na kipande chembamba cha plastiki laini, kikipitishwa kwa uangalifu kuzunguka bomba chini ya sili, huitoa.

Shokapu za nyuma nazo zina neno lao kwenye mambo ya mbele. Gunia likiwekwa kwenye keria na pete za nyuma zikabaki ngazi ya kwanza, pikipiki inakaa matakoni, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na usiku taa inamulika makuti ya minazi badala ya njia. Kuzungusha pete hadi ngazi ya nne au ya tano kabla ya kupakia kunarudisha uzito mbele mahali ulipokusudiwa. Ila kwa mshikaki, abiria wawili watatu nyuma ya dereva mmoja, hakuna ngazi wala springi ya kuongeza. Kanuni za usafirishaji wa pikipiki za mwaka 2010 ziliruhusu abiria mmoja, na fremu, breki na shokapu za pikipiki hizi zote zimepigiwa hesabu ya huyo mmoja.

Kipimo cha mwisho hufanyika njiani, na chombo chake ni rababendi. Kabla ya kuondoka Kilindoni inavalishwa kwenye bomba linalong'aa na kuteremshwa hadi iguse sili. Kila shokapu inapobonyea, mguu unaisukuma rababendi juu. Unaporudi, rababendi inabaki pale pale, ikionyesha pigo kubwa kuliko yote ya safari. Dereva anapanda na abiria wake wa kawaida na mzigo wake wa kawaida, anapita Kirongwe na mawimbi yake, anapita mchanga wa Kanga, anafunga breki pale ambapo angefunga siku yoyote. Anapofika chini ya mnara wa Ras Mkumbi anainama na kutazama.

Ikiwa rababendi imefika juu kabisa, springi ni laini kwake au hewa ni nyingi mno juu ya oili. Ikiwa imeishia katikati, na mikono inauma, springi ni ngumu kwake au oili ni nzito, na njia ya kuzitofautisha ni kupima pikipiki ikaavyo naye juu yake: ikibonyea chini ya robo ya mwendo wake, kosa ni la springi, ikibonyea theluthi na bado inapiga, ni oili. Ikiwa imebakiza kama sentimita 1, hana cha kubadilisha. Anaiteremsha rababendi hadi kwenye sili, anafunga boksi la pweza kwenye keria, anazungusha pete za nyuma ngazi mbili juu, na safari ya kurudi itakuwa kipimo cha pili, kwa mzigo tofauti.